Ng'ombe Huyu wa Nani?

Mtoto wa kaka yangu anasoma chuo Dodoma mjini. Mwezi uliopita alikuja Chamwino kunisalimia, akanikuta kibarazani nachonga penseli kwa wembe. Hata kukaa hakukaa. "Shikamoo shangazi, hebu ona hii," akasema, akaninyooshea simu. "Nimeiagiza kwa akili mnemba. Nimeandika sentensi moja tu, mzee wa Kigogo na ng'ombe wake, ikatoka."

Kwenye kioo alikuwepo mzee amekaa chini ya mbuyu, mgolole begani, ng'ombe kama kumi na tano nyuma yake, na nyumba kwa mbali. Picha ilikuwa nzuri. Mwanga wa jioni ulikuwa umelalia gome la mbuyu vilevile unavyolilalia huku kwetu mwezi wa Agosti, vumbi likiwa bado hewani. Niliisifu, na sikuwa namridhisha mtoto.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepigiwa simu na ofisi moja niliyoichorea kwa miaka. Aliyenipigia aliniambia kwa adabu kwamba vielelezo vya kijitabu cha mwaka huu hawatavihitaji kutoka kwangu, kwa kuwa sasa wanavipata kwa dakika moja na bila gharama. Nilimshukuru kwa kunijulisha mapema. Usiku sikulala. Kazi ile ndiyo ilikuwa inalipa ada.

Kwa hiyo simu ya kijana ilipokuwa mkononi mwangu niliitazama picha mara ya pili, na safari hii nilikuwa natafuta kasoro. Vidole vya mzee vilikuwa vitano vitano. Kivuli kilianguka upande unaotakiwa. Nikaikuza picha nikaenda kwenye masikio ya ng'ombe, na hapo nikasimama. Yote yalikuwa mazima. Hakuna sikio lililokatwa ncha, hakuna lililochanwa, na mapajani hakuna chapa. Nyumba ya nyuma ilikuwa ya msonge, paa la nyasi limechongoka juu, wakati tembe la Kigogo lina paa la udongo, bapa, unaloweza kuanikia mtama. Wale ng'ombe hawakuwa na mwenyewe.

Nami nikawatambua. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita nilimchora ng'ombe wa namna hiyohiyo kwa mkono wangu, nikalipwa.

Nilianza kuchora ukutani kwa bibi. Baba alikuwa kibarua wa reli, stesheni ya Kikombo, na kila alipopata mshahara alileta sukari, sabuni na gazeti. Gazeti lilikuwa Uhuru, na ndani ya Uhuru alikuwemo Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory. Baba na wenzake walimfungua yeye kwanza, wakacheka hadi machozi, ndipo wakarudi ukurasa wa mbele kusoma habari za nchi. Baadaye yakaja magazeti ya Sani, yamechakaa, yamepita mikono ya abiria wengi wa treni kabla ya kutufikia. Humo waliishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Kipepe na Pimbi. Philip Ndunguru, mmoja wa waliowapa watu hao sura, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Sisi hatukuwa na habari. Kwetu Lodi Lofa alikuwa mzima na anaendelea na visa vyake.

Nilichukua mkaa jikoni nikawanakili ndani ya tembe, ambako kuta zilikuwa laini, bibi amezikandika kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Bibi hakujua kusoma. Alisimama mbele ya kila niliyemchora, akaniuliza, "Huyu anasema nini?" Nikimweleza, anacheka au hacheki. Asipocheka nilifuta kwa kiganja nikaanza upya. Msimu wa kukandika ulipofika alipita juu ya wote bila kubagua, akaniachia ukuta mtupu.

Nimefanya kazi na wahariri wengi tangu siku hizo, na sijapata aliyenifaa kuliko yeye. Mchoro unaoulizwa unasema nini, haujasema. Hilo nililijua kabla sijajua kushika kalamu ya wino. Nikajua pia kutouonea huruma mchoro. Ukuta utakandikwa tu.

Mwaka 1992 nchi ilirudi kwenye vyama vingi, na magazeti ya watu binafsi yakachipuka Dar es Salaam kama uyoga. Kila gazeti lilitaka katuni. Mwaka huohuo Godfrey Mwampembwa, Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, alikwenda Nairobi kuchorea gazeti la Nation, na sisi tuliokuwa nyuma yake tukaamini kwamba kalamu inaweza kumvusha mtu mpaka. James Gayo alikuwa na mhusika wake, Kingo. Masoud Kipanya akaja na panya wake mdogo, akamfanya aseme yale ambayo wenye nyumba hawasemi.

Mimi nilifika Dar mwaka 1996, nikapanga chumba Buguruni, nikaitwa jina ninaloitwa hadi leo, mchoraji wa kujitegemea. Kwa mtu aliyezaliwa baada ya Azimio la Arusha neno hilo ni zito. Tuliliimba mstarini shuleni, majembe mikononi. Kwenye chumba cha habari maana yake ilikuwa kwamba huna mshahara, huna kiti, na katuni isiyochapwa hailipwi. Niliishi na maana hiyo miaka mitano.

Siku moja mhariri mmoja alitaka katuni kuhusu kuondolewa kwa ombaomba mjini. "Nichoree wa Dodoma," akasema. Wakati ule, kwa watu wa mjini, mtu wa Dodoma na ombaomba vilikuwa kitu kimoja, na utani huo ulisemwa mbele yangu karibu kila siku na watu ambao hawakuwa na nia mbaya. Nilimchora. Kaptura yenye viraka, mdomo wazi, bakuli, magaga miguuni. Sikuchukua hata nusu saa, maana mtu yule nilimjua tayari. Nilikuwa nimemwona kwenye katuni za wenzangu. Ilichapwa ukurasa wa mbele.

Wiki hiyo baba alikuja Dar kutibiwa macho. Alikuja amevaa koti lake la kanisani, katika joto la mwezi Machi. Alilikuta gazeti mezani kwangu, akalitazama kwa muda mrefu, amelisogeza karibu na pua kwa sababu ya macho yake.

"Huyu ni nani?"

"Si mtu, baba. Ni ombaomba tu."

"Wa kwa nani?"

Kwetu hilo ndilo swali la kwanza analoulizwa mgeni akifika mlangoni, kabla ya kuulizwa shida yake. Wa kwa nani, yaani mtoto wa nyumba ipi, tukupokee vipi. Sikuwa na jibu. Baba alilikunja gazeti mara nne akaliweka chini ya mto, na hatukulizungumzia tena mpaka alipofariki.

Nimelifikiria swali lile kwa miaka mingi. Katuni kazi yake ni kukuza. Pua ya mkubwa inarefushwa, kitambi kinaongezwa, na mwenye pua anajulikana sokoni kote. Lakini kinachokuzwa lazima kiwe cha mtu. Nikimkuza mtu ambaye sijapata kumwona, ninachokuza ni maneno ya watu juu yake, na maneno hayo yalikwishakuwa makubwa kabla yangu. Nilikuwa Mgogo ninayemchora Mgogo, na nilimchora kwa macho ya watu wa Kariakoo.

Nilirudi nyumbani mwaka 2001, nikakaa Chamwino.

Wasioijua Chamwino huijua kwa Ikulu. Mwalimu Nyerere alikuja kufanya kazi pamoja na wanakijiji hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Dodoma, kabla uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma haujafanywa, na jina la Chamwino likashikamana na la rais tangu hapo. Wakati narudi, mji ulikuwa mdogo, kimya, na mchoraji wa katuni alikuwa kiumbe asiye na kazi inayoeleweka. Mama mmoja jirani alidhani mimi ni mshoni, kwa sababu kila saa nilikuwa na kitu cheupe magotini.

Kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa bango la chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Nilimchora ng'ombe mkubwa, wa kahawia, mnene, anayeng'aa, na pembeni mtu mwenye bomba la sindano. Bango likabandikwa nje ya ofisi ya kijiji, nami nikasimama karibu kuona watu wanavyolipokea. Alikuja mzee mmoja na fimbo yake mabegani, mikono imening'inia juu ya fimbo. "Mbukwenyi," akatusalimu, tukaitikia. Akalikazia macho bango.

"Mwanangu, ng'ombe huyu wa nani?"

"Si wa mtu, babu. Ni ng'ombe tu."

Nilipotamka lile "tu" nikasikia sauti yangu mwenyewe ya Buguruni.

"Hakuna ng'ombe asiye na mwenyewe," akasema. "Asiye na alama kaibwa, au kapotea. Mnataka tukachanje ng'ombe wa wizi?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu halikuwa jambo la kuchekesha. Kisha akaanza kumkagua ng'ombe wangu kipande kwa kipande, kwa ncha ya fimbo, kama anayetaka kumnunua. Nundu nilikuwa nimeiweka katikati ya mgongo wakati inatakiwa ikae juu ya mabega. Kwato zilikuwa ndogo, za mbuzi. Mkia ulikuwa umetulia ilhali nilichora mchana, saa za nzi. Halafu akagusa mahali ambapo sikuwa najua hata kwamba pana kitu, ubavuni juu, nyuma ya ubavu wa mwisho na mbele ya nyonga. "Hapa pamejaa," akasema. "Huyu kala akashiba. Na nyuma yake umechora nchi kavu, haina jani. Kala wapi?"

Jioni nilikwenda kwake na daftari langu, kauntabuku la jalada jeusi, nikasimama kwenye lango la zizi ng'ombe wakirudi. Aliwapitisha mmoja mmoja, akiweka kiganja kwenye kile kishimo cha ubavuni. Kikiwa kimebonyea, ng'ombe ana njaa, hata kama tumbo la chini linaonekana kubwa. Tumbo la chini linaweza kuwa ni maji tu. Kikiwa kimefunikwa, mchungaji alifanya kazi. Mvulana aliyewachunga siku hiyo alisimama pembeni akisubiri, na nilimwona akipumua kila kiganja kilipoendelea kwa mwingine. Nilichora vile vishimo mpaka giza likaingia, ukurasa mzima wa vishimo vitupu, bila ng'ombe. Ndio ukurasa ninaoupenda kuliko yote niliyowahi kuchora.

Kabla sijaondoka mzee akaniuliza, "Kwenu ng'ombe mnawakataje?" Sikujua. Nilikuwa nimekulia kwenye tembe lenye zizi mlangoni, nimemchora Pimbi ukutani mara mia, na sikujua alama ya ng'ombe wa bibi yangu. Nilikwenda Kikombo kumuuliza baba mdogo. Sikio la kushoto linakatwa ncha, akaniambia, na chini yake linapigwa mkato mmoja mdogo, kama jino. Tangu siku hiyo kila ng'ombe ninayemchora ana sikio hilo. Hakuna aliyeniomba nifanye hivyo, na wengi hawaoni. Ila wapo wanaoona. Miaka michache iliyopita mwanamume mmoja mnadani aliitazama kalenda niliyoichora akasema, "Hawa si wa Kikombo?"

Wanaouliza mchoraji wa kujitegemea anapata wapi mawazo, hutegemea kusikia habari za ndoto au za vitabu. Mimi mengi nimeyapata kwa kukosolewa. Kwenye chumba cha habari alinikagua mtu mmoja, mhariri, na akiridhika yamekwisha. Huku ananikagua yeyote apitaye njia, na hana sababu ya kunionea haya.

Hilo lilionekana zaidi kwenye kazi ya trakoma. Ugonjwa huu wa macho, ambao huku watu huuita vikope, umeisumbua Dodoma kwa vizazi. Jirani zetu wa Kongwa wamefanyiwa utafiti wake tangu miaka ya 1980. Nzi wanaobeba vijidudu hufuata uchafu na macho ya watoto ambao hawajanawa, kope hugeuka ndani, huchubua jicho, na mtu hupofuka polepole. Nadhani ndiyo iliyomla baba macho yake. Shirika moja likataka bango la kuhimiza kunawa uso. Nilichora uso wa mtoto, nzi watatu, na mshale mwekundu unaotoka kwa nzi kwenda jichoni. Kwangu ulikuwa mchoro usio na utata wowote.

Tulikutana na akina mama chini ya mkungugu. Walikaa kimya. Mwishowe bibi mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amemrushia mtoto huyu mshale?" Wenzake wakaguna kwa uchungu. Walikuwa wameona mtoto aliyejeruhiwa, damu inaelekea jichoni, na nzi wamefuata damu, kama wafanyavyo.

Mshale wa kuonyesha njia ni jambo la shuleni. Anayeujua amefundishwa, kisha amesahau kwamba alifundishwa. Nikauondoa. Nikachora visanduku vinne: nzi kichakani juu ya kinyesi, nzi huyohuyo usoni kwa mtoto, mtoto anapikicha, mama anamnawisha. Nikagundua pia kwamba wengi hawaanzi kusoma visanduku kushoto. Wanaanza kwenye uso mkubwa kuliko zote, wanatoka hapo kwenda pembeni. Basi nikaweka uso mkubwa pale hadithi inapoanza. Mbinu zangu nyingi za kupanga katuni, ambazo vijana huniuliza nimejifunza chuo gani, zilitoka chini ya mkungugu ule.

Mwaka 2012 nilipanda basi kwenda Kondoa, na kutoka Kondoa hadi Kolo, kuona michoro ya miambani. Nilikuwa nimechelewa sana, kwa mtu wa mkoa uleule na wa kazi ileile. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili, kazi iliyokuja kuwa kitabu mwaka 1983. Unapanda kwa miguu, mawe yanateleza, mpaka chini ya mwamba uliojitokeza kama paa. Palepale wapo, watu wekundu, wembamba kama mabua, vichwa vikubwa, na wanyama waliochorwa na mtu aliyewatazama kwa makini: twiga, tembo, pofu. Shingo ya twiga mmoja imepindwa kwa mstari mmoja usiosita. Nilijaribu kuuiga kwenye daftari mara tisa.

Lakini kilichonishika ni jinsi walivyochorana juu. Mnyama juu ya mnyama, mtu juu ya mnyama, hadi huwezi kujua yupi wa kwanza. Hawakuhofia kuharibu cha mwenzao. Nilimkumbuka bibi na ndoo yake ya udongo. Na mahali pengine, Mungomi wa Kolo, wazee wa Kirangi bado huenda kuomba mvua na uponyaji. Wahifadhi huhofia pombe inayonyunyizwa mwambani, na wana sababu, kwa kuwa inaweza kuifuta rangi. Mimi nilisimama pale nikawaonea wivu wachoraji wale. Kazi yao bado ina kazi. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani anapanda kilima kwa ajili yake.

Tangu safari ile sijajali sana kama mchoro wangu utadumu. Ninachouliza ni kama una shughuli ya kufanya kesho asubuhi.

Ndiyo maana mradi wangu wa kwanza wa miaka hii ni karatasi. Karatasi moja ya A4, nimeikunja katikati, kurasa nne, natoa fotokopi nauza shilingi 500. Mhusika ni punda jike aitwaye Chausiku, anayekwenda kuteka maji na mabinti kabla ya mapambazuko, maana hapa mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miezi mingine foleni ya maji ndiyo shule, ndiyo baraza, ndiyo mahakama. Chausiku hasemi. Anasikia. Mabinti wanazungumza, yeye anageuza sikio. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na hasa tangu Ikulu mpya ya Chamwino ilipozinduliwa Mei 2023, Chausiku amekutana na mengi: bikoni ya mpimaji katikati ya njia yake ya kila siku, dalali wa viwanja, lami, kijana aliyerudi na kiatu kimoja kikali. Nakala nazibandika kwenye mashine ya kusaga na saluni mbili. Toleo la bikoni lilirudi kwangu limeandikwa kwa biro, mwandiko nisioujua: Punda hazunguki jiwe, analikojolea. Ni kweli. Nilikwenda nikawatazama punda njiani siku tatu, nikachora upya.

Mradi wa pili ni kauntabuku la muheme. Tangu mwaka 2009 hufanyika hapa Chamwino tamasha la muziki wa Kigogo, lililoasisiwa na Dk. Kedmon Mapana, na vikundi huja kutoka vijiji vingi na zeze zao, ilimba zao, na akina mama na ngoma zao za muheme. Nilizichora ngoma hizo mwaka wa kwanza, nikaridhika. Mwaka wa pili mama mmoja mpigaji alipokea daftari, akalitazama, akanivuta mkono. "Weka kalamu. Njoo." Akaniwekea ngoma katikati ya mapaja, akanibana magoti kwa mikono yake miwili. "Haya, sasa ishike usiidondoshe, na mikono iko juu." Nilipiga vibaya dakika kumi hivi, mapaja yakatetemeka kesho yake yote. Niliporudi kwenye daftari niliona kwamba wanawake wangu wote walikuwa wamesimama kama walioegemea kitu, na ngoma inaelea mbele yao. Sikuwa nimechora uzito. Sasa nachora magoti kwanza. Uso unakuja mwisho, na mara nyingi siuhitaji.

Kazi ya tatu ndiyo iliyokuwa magotini kijana alipofika. Nathan Mpangala, mchoraji ambaye Watanzania wengi wanamjua kwa katuni zake, amekuwa akikaa na watoto wanaougua saratani katika hospitali ya Muhimbili na kuchora nao, chini ya mpango unaoitwa Wafanye Watabasamu. Habari zake ndizo zilizonipa ujasiri. Buigiri, kilomita chache kutoka kwangu, kuna shule ya siku nyingi ya watoto wasioona, na kwa miaka nilipita pale kwenye daladala nikijiambia kwamba mchoraji hana la kuwapelekea.

Niliwapelekea kamba. Nilichukua manila ngumu, nikachora tembo kwa penseli, nikabandika kamba ya katani juu ya mstari kwa gundi, nikaacha ikauke usiku kucha. Mvulana wa kwanza aliifuata kwa kidole kuanzia mkongani hadi mkiani, akazunguka, akarudi alipoanzia. "Ni njia," akasema. "Inazunguka mlima." Alikuwa sahihi kabisa. Mstari wa pembeni ni jambo la macho. Mkono ukimshika mnyama haukutani na mstari popote. Unakutana na mwili.

Nilirudi nyumbani na manila zangu. Wiki nzima nilifanya kazi nimefumba macho, na ni kweli nilifunga kitambaa, nikipapasa mbuzi wa jirani, mitungi, na uso wangu. Nikaamua kumrudia yule ninayemjua. Nilimtengeneza juu ya ubao ng'ombe anayeonekana kwa ubavuni, saizi ya karatasi mbili. Mwili niliujaza matambaa chini ya kitenge, nundu juu ya mabega, mbavu kwa vijiti vya mabua ya mtama, mkia wa katani iliyochambuliwa. Nyuma ya ubavu wa mwisho nikabonyeza kwa kidole gumba, nikashona ili pabaki hivyo. Sikio nililikata kwenye kipande cha ngozi.

Kijana wangu wa chuo alikaa akanitazama nikilimalizia lile sikio. Baada ya muda aliichukua simu yake, akaikuza picha, akapita ng'ombe mmoja mmoja. Sikumwambia kitu. Kesho yake alinisindikiza Buigiri kubeba ubao.

Aliyeupokea alikuwa binti wa miaka kumi hivi, aliyekuwa amekaa kimya pembeni ya wenzake. Hakuanza kichwani kama nilivyotarajia. Alitandaza mikono yote miwili mgongoni, akaishusha taratibu, akahesabu mbavu kwa kunong'ona, na kidole cha kati kikaingia kwenye kishimo. Akakirudisha. Akakibonyeza tena.

"Huyu hajala," akasema.

Mwalimu akamuuliza amejuaje. "Nyumbani bibi hunishikisha hapa jioni," akajibu, "nimwambie kama wameshiba." Kisha mikono ikapanda, ikapita juu ya nundu, shingoni, hadi kwenye pembe, na kidole gumba kikalipata sikio la kushoto. Alilipapasa ncha, akateremka chini, akagusa lile jino dogo, akatulia.

"Ng'ombe huyu wa nani?"

Nikamwambia ni wa bibi yangu, wa Kikombo.